Roho Uliyoniachia

Mwalimu Kwamboka,

Ungesema gari. Neno fupi hivyo, hata mtoto wa chekechea pale Nyamira analijua. Ungesema "gari langu nimemwachia Achieng'," na mambo yangeishia hapo. Lakini wewe, pale kitandani hospitalini, kaka yako Ombati amesimama upande huu na mzee wa kanisa lenu la Wasabato upande ule, mimi niko mlangoni na chupa ya uji, ukafumbua macho ukasema, "Roho yangu nimemwachia Achieng'." Ukafumba tena. Hukusema neno jingine mpaka ulipotutoka. Nimekasirika, Mwalimu. Nimewakasirikia watu wengi tangu tukuzike, nikaona nianze na wewe.

Mimi nilielewa papo hapo. Roho ni lile gari lako la Reno la kijani, kuukuu kuliko mimi, ambalo enzi zake liliuzwa huku kwetu kwa jina hilo hilo, limeandikwa nyuma kwa herufi za bati mpaka herufi zikadondoka moja moja barabarani. Wewe uliliita Roho, nami nikakuiga. Watu wengine wote waliliita kiberiti cha mwalimu. Kwa hiyo chumba kizima kilisikia kitu kingine kabisa.

Mzee wa kanisa alisikia kwamba umeiasi imani. Mimi ni Omogere, yaani Mjaluo, na kwake yeye Mjaluo akitajwa pamoja na neno roho, basi ni yale makanisa ya Roho ya kule ziwani, ya kanzu nyeupe na ngoma. Mimi! Mwanglikana niliyebatizwa nikiwa mchanga, mwimbaji wa sauti ya pili, fundi cherehani niliyeshona majoho ya kwaya yao wenyewe! Mwaka nenda mwaka rudi nampima mabega, hajawahi kuniuliza nasali wapi. Na hata ningekuwa wa Roho, kwani wale si Wakristo? Majirani zetu kule Homa Bay walikuwa wa huko, na sikuona wakimla mtu. Yeye alitoka nje ya wodi akatangaza, "Huyu Omogere ameingiza dada yetu kwa hiyo kanisa ya Roho." Kufika jioni, wateja wangu walikuwa wananisalimia wakitazama pembeni, na sababu sikuijua mpaka siku ya mazishi.

Wakakuzika kama mtu aliyetoroka. Kwaya uliyoifundisha mwenyewe, wengine ukiwa umewafunza hata namna ya kuvuta pumzi, ilikaa kwenye viti vya plastiki imekunja mikono, kwa sababu iliagizwa isiimbe. Mzee wa kanisa aliomba sala moja tu, na katika sala hiyo akamwomba Mungu akusamehe kwa kuyumba dakika za mwisho. Kuyumba! Wewe uliyekuwa ukiwahi ibada kabla ya mwenye funguo! Nilinyoosha mkono niseme. Mwendesha shughuli akaniambia, "Mama, muda imetubana, wageni watatoa salamu kwa mwakilishi." Mwakilishi gani? Nilikuwa nimesimama peke yangu pembeni mwa shamba la chai, ukulele wako ukiwa ndani ya mkoba wa kitenge niliokushonea. Nililia kwa hasira. Uchungu wenyewe ulinijia baadaye, nilipokuta pini zako za nywele zimebaki chini ya mkoba ule.

Hawakukujua, Mwalimu. Hilo ndilo linaloniuma. Siku ya kwanza uliponiambia, tulipokuwa majirani katika vile vyumba vya kupanga, kwamba kila jioni unapiga ukulele, nilisikia ukelele, nikakuuliza ni mwizi gani huyo anayekuja kila jioni. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye baraza. Halafu ukaleta kile kigitaa chenyewe, nyuzi nne, hata kwapa hakijazi, ukanipigia wimbo wa kanisani kwa namna yenye furaha kuliko tunavyouimba. Nikasahau pasi yangu juu ya meza, nikaunguza suruali ya mtu.

Na ile mahakama yako ya magari! Kila gari dogo la zamani lililopita stendi ya Nyamira au tulilolikuta limeegeshwa Kisii mjini, ulilihukumu: je, linamfaa mtu wa ukulele au halimfai? Kobe, lile Volkswagen la mgongo wa duara, ulilipenda, lakini ulisema injini yake inaimba kuliko dereva, basi hilo ni la mpiga ngoma. Mini ulisema ni zuri ila linajijua kwamba ni zuri, mpe mpiga gitaa la umeme. Datsun ndogo ya yule karani mstaafu wa Nyaramba ulisema ni ya heshima sana, haijui kucheka. Mtu wa ukulele, ulisema, anataka gari linaloupanda mlima wa Gesima polepole bila kuona haya, lenye kioo cha kusukuma pembeni badala ya kuzungusha, lenye viti vya kung'olewa ukavikalia majanini. Roho lilikuwa na hayo yote, na gia yake ikatoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Ulikuwa ukiivuta unacheka. Abiria wako alitosha kukaa na ukulele mapajani na viwiko vyote viwili vikiwa huru, na abiria huyo nilikuwa mimi.

Ukanieleza na siri yake kubwa. Uzi wa juu wa ukulele, ule ulio karibu na kidevu, ambao kila mtu anatazamia uwe na sauti nzito, una sauti nyembamba. Asiyejua husema umefungwa vibaya. Na Roho nalo, gurudumu la nyuma la upande mmoja limekaa mbali kidogo na la mbele kuliko upande wa pili. Lilitoka kiwandani hivyo. Ulisema vitu hivi viwili vilitengenezwa na watu wasioogopa kuonekana wamekosea, na kwamba wewe pia Mungu alikuwa katika hali hiyo siku aliyokuumba.

Sasa sikiliza alichofanya Ombati. Alilivuta Roho mpaka kwake Gesima, akaliacha nyuma ya jiko, kuku wakahamia. Kisha akaleta fundi kutoka Keroka. Fundi akanyoosha tepu yake, kulia, kushoto, akatikisa kichwa, akasema chesesi imepinda, hili liliwahi kupinduka, hakuna dawa. Ombati akaita watu wa skrepa walikatekate liuzwe kwa kilo. Nilipopata habari nilifunga duka mchana kweupe, nikaacha mteja na koti lisilo na mkono, nikaenda Gesima.

Sikubisha hodi vizuri. Nilimkuta Ombati kwenye kigoda na shangazi yenu Bosibori akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia Ombati kwamba Roho ni langu, uliniachia mwenyewe, na asithubutu kulikata. Akainuka ameiva uso, akaanza tena habari za kanisa la ziwani. Ndipo shangazi akaacha maharagwe yake.

"Roho?" akasema. "Roho si hii hapa, kuku inatagia ndani? Daktari wetu wa zamani alikuwa na kama hii. Ilinipeleka kuzaa."

Mwalimu, kama ungeuona uso wa kaka yako! Alilitazama gari, akanitazama mimi, akamtazama shangazi. Kuku mmoja akatoka dirishani akilalamika. Halafu Ombati akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Sasa si angesema tu ni gari?"

Nilitaka kumrukia. Maneno hayo hayo nimekuwa nikikuambia tangu mazishi, lakini yakitoka kinywani mwake nilisikia ubaya wake. Yeye ni nani akuulize? Ulikuwa unakufa. Hukuwa na deni la kuchagua maneno. Wao ndio waliokuwa wazima, wamesimama pale na akili zao zote, na hakuna hata mmoja aliyeinama akakuuliza, "Dada, unamaanisha nini?" Na mimi ninayejua ukweli nilikuwa mlangoni, na hawakuniuliza mimi pia. Ilikuwa rahisi kwao kuamini umemwasi Mungu kuliko kumuuliza Omogere swali moja. Kwa hiyo naifuta hasira niliyokuelekezea. Hukusema gari kwa sababu kwako halikuwa gari.

Ombati alileta ufunguo bila kunitazama. Tulifagia manyoya, na wachuma chai waliokuwa wanatoka kupimisha majani wakatusukuma mteremkoni hadi likashika. Linavuta. Linalala kwenye kona kama zamani, na fundi wa Keroka aseme atakalo.

Nilidhani basi mambo yatanyooka. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa, nikamweleza, na Ombati kwa haki yake akathibitisha kwa simu. Unajua alichonijibu? "Hiyo imepita, mama. Tusifukue. Maombi ya msamaha haiwezi kuumiza mtu." Kisha akaniuliza kama suruali yake iko tayari.

Haiwezi kuumiza mtu! Umelala Gesima bila wimbo, wajukuu wa ukoo wako wakiambiwa shangazi yao aliyumba, umeombewa msamaha mbele ya tarafa nzima kwa kosa la kumiliki gari dogo, na huyu anataka suruali! Waliokusikia ukihukumiwa walikuwa wengi, Mwalimu. Hawawezi kuusikia ukweli kwa kunong'onezwa dukani kwangu mmoja mmoja.

Basi nakuaga, rafiki yangu, na ninakuahidi hili. Ukulele sitauweka kabatini. Nimekwisha badilisha uzi uliokatika na vidole vinaanza kuota sugu. Wanakwaya watatu wamekuja dukani kwa aibu, wamesema watakuimbia kaburini ule wimbo wenye furaha, wakatazwe wasikatazwe. Na Jumamosi hii, kabla ya mahubiri, nitakwenda kanisani kwenu. Shangazi Bosibori amekwisha sema kiti cha mbele garini ni chake. Nitaegesha mlangoni kabisa, na mzee wa kanisa atatoka kuniuliza Omogere amefuata nini huku. Nitamwambia nimemletea Roho aione kwa macho yake, na sala ya msamaha aianze upya, mbele ya watu wale wale, safari hii ajiombee yeye.

Wako,
Achieng'