Wa Nne Ndani ya Kabati

Wewe, umekaa? Kaa kwanza. Seremala wetu leo kajipalia makaa kwa penseli yake mwenyewe.

Si unajua anavyoandika kila kitu kwenye mbao. Wiki nzima alibishana na fundi rangi nani bondia bora wa uzito wa welter tangu enzi za babu zetu, na orodha akaiandika ndani ya mlango wa kabati. Kabati la mama mkwe wake mtarajiwa! Lile la kusindikiza posa!

Robinson wa kwanza. Leonard wa pili. Duran wa tatu. Kwa wa nne wakashindwa kuelewana, seremala akacheka, akaandika MAMA MKWE, maana "yule hapumziki hata kengele ikilia."

Fundi rangi akapaka nje. Ndani akasahau. AKASAHAU!

Leo wamelifikisha. Mama kavaa miwani, kafungua mlango, kidole kinashuka jina kwa jina. Seremala jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Mchumba kajifunika uso.

"Hawa ni kina nani?"

"Mabondia, mama. Wakubwa wa enzi zote."

"Na wa nne ni mimi?"

"Ni utani tu, mama. Nisamehe."

Mama akarudisha kidole kwa Duran, ndugu yangu.

"Wa NNE?" mama akasema. "Kwani huyu wa tatu kalea watoto saba peke yake?"

Sasa hivi seremala kapiga magoti sebuleni, anamfuta Duran kwa msasa, mama kamsimamia.

Posa imekubaliwa. Ila Leonard naye kaanza kutazamwa vibaya.