Pedali Tatu Zilizofutwa Majina

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko ugenini? Sisi wazima, ukiacha masikio yangu. Daktari kasema la kushoto limekwisha, la kulia lina miezi minne, mitano. Kwa hiyo nataka kurekodi ule wimbo niliomtungia marehemu mama yako, ningali nausikia.

Shida ni pedali zangu tatu za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga kubadili sauti. Enzi za bendi tulizipaka rangi nyeusi na kuyakwangua majina, wengine wasituibie sauti. Sasa tumejiibia wenyewe! Sijui ipi ni ipi, wala inataka umeme gani. Moja ina vitufe viwili vya kuzungusha, nzito kama pasi. Fundi ni wewe, niambie.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu zimenibana. Habari ya masikio imenikata maini.

Hiyo nzito naikumbuka, nilikuwa naikalia utotoni. Ndiyo ya kukwaruza sauti, ndiyo unayoihitaji kwa wimbo wa mama. Nimeshatengeneza nyingi za aina hiyo. Tafuta adapta ya volti tisa, isizidi, waya wa hasi uende kwenye bodi ya chuma. Usihangaike kuifungua.

Binti yako

29 Aprili

Marahaba, mwanangu. Afya si haba.

Pedali imeungua. Ilitoa harufu, kisha kimya.

Nikwambie ukweli: niliifungua. Nikaona waya mwekundu wa betri, ule wa chanya, ndio uliounganishwa na bodi. Kinyume na ulivyoniandikia. Nilikaa nayo mapajani kitambo. Halafu nikajiambia, nani mimi nimsahihishe fundi niliyemsomesha mwenyewe? Nikachomeka.

Usijilaumu.

Baba yako

25 Mei

Baba, shikamoo. Nakuandikia machozi yananitoka.

Kosa ni langu. Zipo za zamani zilizogeuzwa hivyo, chanya kwenye bodi, na kila mwanafunzi wangu namfundisha: fungua kwanza, tazama, ndipo uchomeke. Wewe nikakujibu kwa kumbukumbu, mbiombio, kati ya kazi mbili. Nimekuundia nyingine kwa transista za zamani, zile zenye kofia ya bati. Ni ya betri tu. Nimeituma leo.

Binti yako

8 Agosti

Baba, shikamoo. Hii ni barua ya tatu, hujanijibu. Wanasema kifurushi kimekwama forodhani. Masikio vipi? Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

19 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Nashukuru Mungu.

Kifurushi kilifika juzi. Pedali nikaifungua kwanza, nikatazama nyaya, ndipo nikatia betri. Mdogo wako akabonyeza kirekodi, nikaupiga wimbo wote mwanzo hadi mwisho, vidole vikiwa vimezoea njia. Mguu niliuweka kwenye spika nijue kama inatetemeka.

Nilipomaliza nikamtazama mdogo wako. Alikuwa analia, ananionyesha dole gumba. Basi, nadhani nimeupatia.

Baba yako