Mama Mkwe Ananiuliza Maswali Hadharani, Nimjibuje?

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya mkutano wa mwezi ujao, maana mimi ni mjumbe wa bunge la jimbo, mtu mzima mwenye mke, watoto na kipaza sauti, na kinachoninyima raha ni mama mkwe. Najua umeshaanza kucheka. Cheka, lakini usome mpaka mwisho, na tafadhali usiandike jina langu wala la mji wetu, kwa sababu ukurasa wako unasomwa sana, hata na yeye mwenyewe.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha linatazama barabara, ndani kuna vyerehani viwili, kimoja cha miguu ambacho hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kukigusa na kimoja cha umeme anachotumia msaidizi wake, kuna meza ya kukatia, pasi, na nyuzi za kila rangi ambazo ukitoka pale unazikuta kwenye soksi. Koti nililovaa siku ya kuapishwa alilishona yeye, alinipima mwenyewe huku yeye akitazama ukutani na mimi nikitazama dari, kwa jinsi tunavyoheshimiana, na alipomaliza akanipangusa bega akasema, "Haya mwanangu, nenda ukatusemee." Siku zote ameniita mwanangu, hata mbele ya wanawe wa kuwazaa, na mimi mama yangu alifariki zamani, kwa hiyo neno hilo kwangu si dogo.

Sasa mwaka huu tukapitisha sheria ya ada ya karakana. Mshauri, sheria ile ina mazuri yake, fedha zake zinakwenda kumalizia wodi ya wazazi katika hospitali yetu, wodi ambayo nimeipigia kelele tangu kampeni, lakini humo ndani kuna kifungu kinachosema kila chumba chenye mashine ya kazi kitalipa ada ileile, kiwe na mashine moja au kiwe na mia, na mimi kifungu hicho nilikiona, nikasema moyoni kitarekebishwa mbele ya safari, wenzangu wakanyoosha mikono, na wa kwangu nao ukapanda.

Mimi kila mwezi huwa nafanya mkutano na wananchi kwenye ukumbi wa shule, waulize, nijibu. Mkutano wa kwanza baada ya sheria kupita, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa mama mkwe. Akasimama, akaweka mkoba wake kwenye kiti, akasema, "Mheshimiwa, kile kiwanda cha nguo kule mwisho wa barabara kina mashine za kujaza ukumbi huu. Mimi ninazo mbili. Kwa nini tunalipa sawa, na wewe ulipiga kura gani?" Mshauri, nilitokwa na jasho jembamba. Ningemjibuje mama mkwe kwa kipaza sauti, mbele za watu, kama tunagombana? Nikashuka jukwaani, nikaenda mpaka alipo, nikainama, nikamwamkia kwa mikono miwili, nikamletea kiti chenye mto na chupa ya maji, ukumbi mzima ukapiga makofi, mwendesha mkutano akasema, "Mnaona! Huyo ndiye mkwe!" Kisha tukaenda kwenye swali la taa za barabarani. Nikashusha pumzi.

Mkutano wa pili akauliza tena, maneno yaleyale, na mimi nikashuka tena, nikaamkia tena, makofi safari hii yalikuwa machache. Hapo akasimama jamaa mmoja mchomeleaji wa mageti, tunamwita Cheche, ana mashine yake moja tu chini ya bati, akasema, "Mheshimiwa, mimi si mkweo, mimi sikudai adabu. Nijibu mimi." Nikamwambia swali hilo limeshaulizwa na mama, na mama siwezi kumjibu hadharani, ingekuwa utovu wa adabu. Watu wakaguna, lakini muda ukawa umekwisha, tukafunga mkutano. Nikashusha pumzi tena.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akanishauri nimlipie mama ile ada kimyakimya yaishe. Nikampa msaidizi wake fedha hizo ndani ya bahasha. Zikarudi siku ileile ndani ya bahasha ileile, pamoja na ujumbe, "Mwambie Mheshimiwa sikuomba kulipiwa. Niliuliza." Mheshimiwa! Siku hizi ananiita hivyo hata nyumbani kwangu. Juzi alikuja kuwaona wajukuu akasimama mlangoni, nikamkaribisha kiti, akasema, "Ahsante Mheshimiwa, sikai." Na amemwambia mke wangu kwamba mwisho wa mwezi ujao atashusha kibao chake afunge karakana, lakini kabla ya kufunga anataka ajue amefungishwa kwa sababu gani. Nikimwomba mke wangu azungumze naye, ananijibu, "Yule ni mama yangu na wewe ni mume wangu, na swali ni la kwenu wawili. Mimi niache nipike."

Kwa hiyo mshauri, ninachokuomba ni kimoja. Nipe maneno ya heshima, laini, yasiyomuudhi mtu mzima, ya kumwomba mama aniletee maswali yake nyumbani badala ya ukumbini. Niko tayari hata kupiga magoti. Sitaki kumpoteza mama wa pili.

Wako,
Mkwe Mwenye Adabu


MSHAURI ANAJIBU

Mkwe Mwenye Adabu (jina umejipa mwenyewe, mimi simo),

Nimecheka, kama ulivyotabiri. Nimecheka mpaka nilipofika kwa Cheche. Hapo nikaiweka barua mezani nikaenda kunywa maji.

Hebu niambie, Cheche naye umemwoa binti yake? Mwanamume amesimama na swali lake, amekufungulia mlango kabisa, amekwambia yeye hakudai adabu, na wewe ukamjibu kwamba swali ni la mama! Baba, hapo ndipo nilipokujua. Tatizo lako si ukwe. Umejificha nyuma ya mama mkwe kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

Pole, lakini. Sikwambii haya kwa kukudharau. Mambo ya wakwe ni mazito, na mimi mwenyewe mkwe wangu mmoja akiniona sokoni hubadilisha njia akaingia hata duka la majeneza. Na kosa lako si la mtu mbaya. Ulitaka wodi, wodi ni jambo jema, ukameza kifungu kibovu ili uipate. Wabunge wengi wamemeza vikubwa kuliko hicho. Kinachoniudhi ni makofi. Ulipewa makofi kwa kutojibu, ukayapenda, mwezi uliofuata ukayarudia. Na barua yako imejaa kushusha pumzi. Wewe unashusha pumzi, wao wanarudi nyumbani na maswali yao.

Tena sikiliza, huyo mama ni mjanja kuliko sisi wawili. Alipokuita Mheshimiwa ukumbini alikuwa anakusaidia. Alikuwa anakwambia, hapa mimi ni mwananchi na wewe ni mjumbe, ukwe nimeuacha nje, tuzungumze. Wewe ndiye uliyetoka nje ukaurudisha ndani, na mto juu yake. Sasa anakuita Mheshimiwa nyumbani kwa sababu mjumbe wake bado hajamjibu. Ukimjibu kama mjumbe, mwanawe atarudi. Hakuna njia nyingine, na maneno laini uliyoniomba sikupi.

Utafanya hivi. Mkutano ujao usingoje mkono wake. Anza na swali lake wewe mwenyewe, ukiwa umesimama palepale jukwaani. Mwamkie mara moja tu, kama unavyowaamkia wazee wengine ukumbini, kiti chenye mto kibaki ofisini. Sema ulipiga kura gani. Sema kwa nini. Sema kifungu ulikiona, na hapo watakuzomea, acha wazomee, sauti za watu haziui. Halafu mtaje Cheche, umwombe radhi yeye peke yake, maana yeye ulimnyima jibu bila hata kisingizio cha ukwe. Sema utafanya nini kuhusu kifungu hicho, na kama huna hakika kitabadilika, sema huna hakika. Nikisikia umesema "suala lipo kwenye mchakato" nitalichapa jina lako kwa herufi kubwa.

Na zile fedha usimpelekee tena. Ukimlipia mama, nani atamlipia Cheche?

Baada ya hapo nenda kwa mama yako. Nenda kwa miguu, bila msaidizi, bila kipaza sauti. Ukikaribishwa ndani, ingia. Usipokaribishwa, rudi kesho yake. Kupiga magoti hakuna haja, utachafua suruali bure.


MKWE AMEANDIKA TENA
(Nimepunguza salamu tu, zilikuwa ndefu.)

Mshauri,

Nimefanya. Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Nikasema, "Ndugu zangu, kuna swali nimelikwepa miezi miwili, nataka nianze nalo." Nikawaambia nilipiga kura ya ndiyo. Nikawaambia niliitaka wodi, na kwamba kifungu cha ada nilikiona, nikajua kitawaumiza wenye mashine moja, nikanyamaza. Mshauri, walizomea kweli! Kuna mama mmoja muuza mboga alisema mambo ambayo siwezi kuyaandika, na mwendesha mkutano akanyanyuka kutaka kuingilia, nikamwomba aketi. Nikamgeukia Cheche nikamwambia, "Kaka, wewe nilikukosea. Hukuwa na ukwe na mimi, nilikuwa naogopa tu." Cheche akasema kwa sauti, "Kumbe unajua kuongea!" Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Nikawaambia nimeshapeleka kwenye kamati pendekezo la kubadilisha kifungu, ada iende kwa idadi ya mashine, na kwamba nimepata wenzangu wachache wa kuniunga mkono lakini hawatoshi bado, kwa hiyo siwezi kuwaahidi. Nilidhani hapo ndipo wangenimaliza. Wakatulia. Mzee mmoja mwenye duka la viatu akauliza majina ya wasioniunga mkono, akasema kuna anayemfahamu, atakwenda kumsalimia.

Mama mkwe akasimama mwisho. Akaweka mkoba wake kwenye kiti. Akasema, "Mheshimiwa, umejibu. Sijaridhika, lakini umejibu." Akaketi.

Mshauri, nimeshinda uchaguzi, nimebebwa mabegani, nimeapishwa, lakini sijawahi kujisikia mwepesi kama nilivyojisikia pale. Nilikuwa nimezomewa na bado nilikuwa na furaha. Nilirudi nyumbani nikala kama mtu aliyetoka kulima, mke wangu akaniongezea bila kuombwa, akasema, "Kumbe ulikuwa na njaa tangu mwezi gani?"

Jumapili nikaenda kwa mama, kwa miguu kama ulivyosema, nimevaa lile koti alilonishonea. Kibao bado kilikuwa juu ya mlango. Aliniona kupitia dirishani, hakusimamisha cherehani, akasema, "Ingia." Juu ya meza ya kukatia, chini ya mkasi mkubwa, lilikuwa limekunjwa gazeti lenye ukurasa wako. Hakulitaja, na mimi nikajitia hamnazo. Nikauliza kuhusu kibao. Akasema atangoja aone kamati itasema nini, lakini kama atafunga, atafunga akijua, na hilo linamtosha kwa sasa. Kisha akanitazama, macho kwa macho, jambo ambalo hatujawahi kufanya, akakunja uso.

"Mwanangu," akasema, "vua hilo koti. Kola imelala upande tangu mkutano wa kwanza, na mimi nakutazama tu."

Nikalivua. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la kitambaa, na yeye akakubali kwamba ndiyo, vumbi siku hizi limezidi. Nikaketi kwenye kiti cha wateja nikimtazama anavyofumua ile kola taratibu, pini zimemjaa mdomoni.

"Mwezi ujao," akasema katikati ya pini, "nitauliza habari ya maji."

"Uliza, mama," nikamwambia.