Taya Lililoyeyuka Kwenye Sinki la Bi. Kathure

CHAMA CHA WAPENDA VISUKUKU, DALLAS NA HOUSTON

Kumbukumbu za kikao cha saba kilichofanyika Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, nyumbani kwa Bi. Kathure, Grand Prairie. Kikao kilipangwa kuanza saa 7.00 mchana. Wajumbe wa Houston, waliosafiri kwa saa nne, walifika saa 6.45. Wajumbe wa Dallas, ambao ni majirani, walifika saa 8.15. Kikao kilianza saa 8.20.

WALIOHUDHURIA
Bw. Severin, Mwenyekiti (dereva wa lori, Dallas)
Mwl. Twalibu, Katibu na Mtambuzi wa Vielelezo (mwalimu mstaafu wa jiografia, Alief)
Bi. Prudensia, Mhazini (mhasibu, Houston)
Bi. Kathure, Mtunza Vielelezo (muuguzi, mwenyeji wa kikao)
Bw. Kibet, mjumbe (fundi wa kompyuta, Dallas)

MWALIKWA
Bi. Abigail, mfanyakazi wa maktaba ya mtaa, Alief

WASIOHUDHURIA
Bw. Dedan, kwa udhuru wa zamu kazini.
Bw. Godefroid, ambaye alituma ujumbe kwamba tumbo lake halijatulia tangu kikao cha Septemba, na kwamba hamlaumu mtu, ila anajua ni nani.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika na akawakumbusha azimio la kikao cha tatu, kwamba mjumbe yeyote asitaje Tendaguru wala Turkana kabla ya chai. Azimio hilo lilipitishwa baada ya kikao kizima kuliwa na Watanzania na Wakenya wakishindana ni nchi ya nani yenye mifupa mikubwa ya dinosaria na ni ya nani yenye mifupa ya watu wa kale. Katibu, ambaye ni mzaliwa wa Lindi, iliko Tendaguru, alisema analiheshimu azimio na hataitaja Tendaguru. Mwenyekiti alisema ameshaitaja.

KUMB. NA. 2/7/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma kumbukumbu za Septemba. Bi. Prudensia alianza kwa kumwamkia Katibu shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo, ndipo Katibu akajua kwamba mambo si mazuri. Bi. Prudensia alipinga sentensi isemayo: "Taya la mosasa, mjusi mkubwa wa baharini aliyeishi miaka milioni sabini iliyopita, lilithibitishwa kuwa halisi kwa njia ya ulimi na wajumbe wote waliohudhuria." Alitaka ifutwe.

Kwa faida ya mwalikwa, Katibu alieleza njia hiyo. Mfupa wa kale uliogeuka kisukuku, yaani jiwe, huwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hunyonya mate, na ulimi ukiugusa mfupa hunata kidogo. Jiwe la kawaida halinati. Njia hii ni ya zamani, haihitaji vifaa, na wakusanyaji wengi huitumia shambani.

Bi. Abigail aliuliza kama wote walilamba kitu kimoja. Ilithibitishwa kwamba walilamba kwa zamu, Katibu akitangulia.

Kuhusu kufuta sentensi, Katibu alieleza kwa kirefu kwamba kumbukumbu huandika kilichosemwa, si kilichokuwa kweli, na kwamba ingekuwa kinyume chake, vyama vingi visingekuwa na kumbukumbu kabisa. Mwenyekiti aliomba maelezo yafupishwe. Sentensi ilibaki.

KUMB. NA. 3/7/2025: TAARIFA YA MTUNZA VIELELEZO
Bi. Kathure alieleza kwamba alikabidhiwa taya mwishoni mwa kikao cha Septemba alitunze hadi siku ya maonyesho ya maktaba, tarehe 22 Novemba. Lilikuwa na urefu wa mkono, lina meno saba, na Katibu alikuwa amelinunua kwa fedha zake mwenyewe kutoka kwa muuzaji mmoja kwenye soko la mawe, aliyesema limetoka Moroko, kisha akalitoa zawadi kwa chama.

Alisema wiki iliyopita alilitoa kwenye boksi alipanguse vumbi, akakumbuka.

"Nikakumbuka hii kitu imelambwa na watu sita," alisema. "Mimi ni nurse. Siwezi peleka mate ya watu sita mbele ya watoto wa wenyewe. Nikaweka kwa sinki, maji moto, sabuni, na bleach kidogo. Nikaenda kukunja nguo. Kurudi, taya hakuna."

Mwenyekiti aliuliza taya lilikwenda wapi.

"Liko kwa hii beseni," alisema Bi. Kathure, akaliweka mezani.

Wajumbe walikagua. Ndani ya beseni palikuwa na tope la rangi ya kahawia na meno saba yaliyolala chini. Bw. Kibet alichovya kidole, akasugua, akasema ni mchanga, plasta na gundi. Alimuuliza Katibu inakuwaje plasta inate ulimini.

Katibu alieleza kwamba plasta nayo ina vitundu vidogo vinavyonyonya mate.

"Hiyo ya plasta ungetuambia Septemba, Mwalimu," alisema Bw. Kibet.

Katibu alikiri kwamba alikuwa anaijua. Aliifundisha miaka thelathini na moja, kidato cha tatu, muhula wa pili. Siku ile haikumjia akilini, kwa sababu alikuwa ameshalipenda taya.

Bi. Kathure aliuliza kama yeye ndiye mkosaji, kwa maana tangu wiki iliyopita halali vizuri. Katibu alisema, na akaomba iandikwe, kwamba kisukuku halisi kisingeyeyuka kwa sabuni ya vyombo, na kwamba Bi. Kathure ndiye mjumbe pekee aliyekifanyia kielelezo hicho kipimo cha maana. Bi. Kathure alishukuru. Alisema lakini bado anaona vibaya, maana lilikuwa linapendeza.

KUMB. NA. 4/7/2025: MAONYESHO YA MAKTABA NA HOJA YA MHAZINI
Bi. Abigail alieleza kwamba bango limeshachapishwa na kubandikwa. Bango lina picha ya taya, na chini yake jina la Mwl. Twalibu na neno mtaalamu. Familia zaidi ya arobaini zimejiandikisha, nyingi za Alief na Gulfton, na watoto wanaulizia meno. Ni mara ya kwanza maktaba kukiita chama hiki. Leo anataka jambo moja tu: wanakuja au hawaji, na atakayesimama mbele ni nani.

Mwenyekiti alishauri kionyeshwe kielelezo kingine. Orodha ilipitiwa. Yai la dinosaria la Mwenyekiti mwenyewe lilitambuliwa mwezi Mei kuwa jiwe la bustani lenye chapa ya duka upande wa chini. Kinyesi cha kale cha Bw. Kibet, alichokichimba kwa saa tatu kwenye matope ya mto Brazos na kukibeba mgongoni hadi garini, kilikuwa zege. Konokono wa baharini wa Bi. Prudensia ni wa kweli, ila ni wadogo kama punje za mchele, na wawili kati yao waliingia kwenye zulia la Bw. Dedan wakapotea.

Bi. Prudensia alitoa hoja. Alisema anamheshimu Mwalimu kama baba yake, na ndiyo maana anasema mbele yake. Chama kinachekwa. Kule kanisani wameanza kuwaita Walamba Mawe. Mtu akikosea hesabu ofisini kwake, haendi kusimama mbele ya wateja kufundisha hesabu. Alipendekeza Katibu aondolewe kazi ya Utambuzi wa Vielelezo, na Bw. Kibet asimame maktaba badala yake.

Katibu aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hoja ni ya haki. Aliongeza kwamba ameshawaalika wajukuu zake wanne, ambao wanaposimuliwa mambo ya Lindi humjibu kwa Kiingereza na kurudi kwenye simu zao, na kwamba hii ndiyo mara ya kwanza wao wenyewe wamemuuliza maonyesho ni saa ngapi. Kisha alisema jambo hilo halihusiani na hoja na lisiandikwe. Mwenyekiti aliamua liandikwe.

Kwa mujibu wa katiba, anayejadiliwa hutoka nje. Katibu alimkabidhi Bi. Kathure daftari na akatoka.

KUMB. NA. 5/7/2025: MAJADILIANO (yameandikwa na Bi. Kathure)
Saa 10.05. Mwalimu ametoka. Anatembea vizuri, hana shida. Amesimama kwa driveway, mbele ya nyumba.

Saa 10.07. Prudensia amerudia hoja. Hakuna mpya.

Saa 10.10. Kibet ameulizwa kama ataongea library. Amesema yeye anajua computer, mawe alifundishwa na Mwalimu, kwa hivyo akikosea itakuwa ni makosa ya Mwalimu na bado Mwalimu hatakuwepo kuyatetea. Amekataa.

Saa 10.12. Mwenyekiti amesema: "Mimi nimeendesha lori barabara ya 45 miaka tisa, Dallas kwenda Houston, Houston kurudi Dallas. Naona ng'ombe na matangazo. Huyu mzee alipanda lori langu siku moja tu, akaniambia, Severin, hapa unapopita palikuwa bahari. Tangu siku hiyo sijawahi kuipita ile njia nikiwa peke yangu."

Saa 10.14. Prudensia amesema hiyo ni nzuri lakini haijibu hoja. Ni kweli, haijibu.

Saa 10.15. Abigail ameomba ruhusa ya kuongea ingawa ni mgeni. Amesema watoto wa pale maktaba kila siku wanasahihishwa na watu wazima: shuleni, nyumbani, hata kwenye basi. Hajui kama kuna mmoja amewahi kumsikia mtu mzima akisimama na kusema, mimi nilikosea, na nilikosea hivi.

Saa 10.17. Kibet yuko kwa dirisha. Ametuita wote. Mwalimu ameinama, anachagua kokoto za maua yangu. Ameokota moja. Ameigeuza. Ameangalia huku na huku.

Saa 10.18. Ameilamba.

Saa 10.19. Prudensia amecheka mpaka akakaa chini. Amesema, "Huyu hafundishiki, aende tu maktaba."

Saa 10.20. Kura. Wa kuondoa: hakuna. Wa kubaki: wanne. Prudensia ameweka masharti, Mwalimu ataandika mwenyewe. Ameitwa ndani. Nimempa maji anywe.

KUMB. NA. 6/7/2025: MAAZIMIO
Katibu alirudi na kuendelea kuandika. Alisomewa maazimio na akayakubali.

Katibu ataendelea kuwa Mtambuzi. Ila kuanzia leo, kielelezo chochote kitafanyiwa kwanza kipimo cha Bi. Kathure, yaani sinki, na ulimi utafuata kama bado kuna cha kulamba.

Chama kitakwenda maktaba. Yataonyeshwa meno saba, ambayo Bw. Kibet aliyakagua kwa kioo cha kukuzia na Katibu akayakagua baada yake, mikono ikiwa nyuma. Wote wawili waliridhika kwamba meno ni ya kweli. Katibu alieleza kuwa ndivyo wauzaji wa namna hii hufanya: huchukua meno halisi, ambayo Moroko ni mengi, wakayapanga kwenye taya la kutengeneza. Mnunuzi hutazama meno, na ukweli wa meno humfanya aliamini taya. Kando yake utawekwa mtungi wenye tope lote kutoka kwenye beseni.

Katibu ndiye atakayesimama mbele. Bi. Prudensia alitaka maandishi ya kibao yapitishwe hapa hapa, na yasiwe na maelezo ya ziada. Katibu alipendekeza aya tatu. Yalipitishwa haya:

"MENO: ya kweli. TAYA: lilikuwa plasta. MTAALAMU: huyu hapa, muulizeni."

Bi. Abigail alisema atalibandika bango jipya juu ya lile la zamani, na kwamba neno mtaalamu ataliacha.

Kwa sharti la maktaba, hakuna kulamba ndani ya jengo.

KUMB. NA. 7/7/2025: MENGINEYO
Bi. Prudensia aliuliza kama mkewe Katibu anajua kwamba taya lilinunuliwa, au bado anaamini lilitolewa na rafiki. Katibu aliomba swali hilo lisiingizwe kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti alirejea uamuzi wa KUMB. NA. 4. Ilibainika kwamba mkewe naye amejiandikisha maktaba, pamoja na wajukuu. Wajumbe walimwombea Katibu.

Bi. Kathure alimtaka Katibu arudishe kokoto aliyoiweka mfukoni. Katibu aliirudisha. Alisema ni jiwe la kawaida, halikunata.

Chai ililetwa saa 11.00. Tendaguru ilitajwa saa 11.01 na Turkana saa 11.02.

KUMB. NA. 8/7/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao saa 11.50 jioni, ili wajumbe wa Houston washike njia. Bw. Severin, ambaye hakuwa na mzigo siku hiyo, alisema atawasindikiza hadi barabara kuu.

Kumbukumbu hizi zimesomwa na Mwenyekiti na Mhazini neno kwa neno, na zimekubaliwa kuwa halisi. Hazikulambwa.

Saini: Severin, Mwenyekiti

Saini: Twalibu, Katibu na, kwa kura nne, Mtambuzi wa Vielelezo