Bwana J. A. Gedo

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nimekasirika. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo. Ukifurahi ni Dholuo, ukiudhika ni Kiswahili cha mafundi, na sisi watoto tukisikia lugha imebadilika tunatoka nje mmoja mmoja.

Tangu tukuzike, Wazungu wa ofisini wamekwenda kwao na bendera yetu inapepea juu ya ukumbi wako. Ndiyo, ule ule. Yule Bwana mkubwa wao alikuletea picha ya ukumbi wa mji wa kwao Uingereza, akataka mwingine kama huo hapa Homa Bay, na matao yake, na mnara wa saa. Ulijenga vyote. Saa haijaja mpaka leo, popo wamehamia kwenye lile tundu. Alitaka hata mahali pa kuota moto ukutani! Ulirudi nyumbani ukicheka hadi ukakohoa: "Homa Bay hii, nani ataota moto?" Lakini ulipajenga vizuri, na sasa karani wa baraza anaweka mwavuli wake hapo.

Huyo karani ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake. Ni kijana wa Mombasa, Kiswahili chake kinateleza kama sabuni, Dholuo hajui hata salamu. Baraza liliamua kwamba ukumbi ni urithi wetu, basi jiwe lenye jina la yule Bwana Mzungu ling'olewe, liwekwe lenye jina la aliyejenga kwa mikono yake. Niliposikia habari hiyo nilikuwa darasani Uriri. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, sikuona haya.

Karani akaenda sokoni kuuliza wazee nani alijenga. Wazee, Mungu awasamehe, wakamjibu kama walivyozoea kukuita: "Jagedo." Mjenzi! Kila mtu hapa anajua hilo ni kazi, si jina. Yeye akalisikia vipande vipande, akaona ni mtu na herufi zake za mwanzo, akampa fundi wa mawe achonge.

UKUMBI HUU ULIJENGWA NA BWANA J. A. GEDO.

Nilikwenda ofisini kwake. "Mzee Gedo alikuwa nani wako, dada?" akaniuliza, kwa heshima kabisa. Nilipomweleza alishika kichwa, kisha akasema jiwe limeshachongwa, lazima kikao kikae. Wazee nao nikawafuata. "Sasa wewe mwalimu unagombana nini? Si kila mtu anajua ni yeye?" Leo wanajua. Wajukuu wao watajua? Watamtafuta Gedo kwenye koo zote za huku na hawatampata.

Na wewe pia nimekukasirikia. Mara ngapi nilikwambia, waambie watu wakuite Zakaria Okelo? Ulisema, "Waache, mradi nyumba haianguki." Haya, haijaanguka. Jina ndilo limeanguka.

Nisingekuwa na uchungu hivi kama si Mama. Siku ya kuzindua alivaa gauni la kanisani, akapenya katikati ya madiwani mpaka kwenye jiwe. Unajua hajui kusoma. Akanishika mkono: "Nipitishe kidole kwenye jina lake." Watu wote wanatazama. Ningefanya nini, Baba? Nikampitisha. J, A, kisha zile nyingine, huku nikisema polepole Zakaria Okelo, Zakaria Okelo, na herufi zikaisha bado niko kwenye Okelo.

Akaweka kiganja juu ya jiwe. "Kumbe jina lake ni fupi hivi," akasema. "Na mimi nililiita miaka yote kama ni refu." Akafuta machozi, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Wauza samaki wenzake Mama wanaojua kusoma nimewaonya wote. Atakayemwambia jiwe linasema nini atanijua mimi ni binti wa nani.

Kwaheri, Baba. Mama akija huko, na asije upesi, usimweleze lolote. Mimi nitakwenda kwa yule karani kila likizo, mpaka achoke na sura yangu, mpaka kikao kikae. Siku hiyo nitamleta Mama aguse tena, na herufi zitatosha.

Binti yako,
Akinyi