Kabureta Haikumchelewesha Monika

Mdogo wangu Petro,

Kosa ambalo wengi hulifanya wakishabadili kitu kwenye injini ni kulihukumu gari kwa safari moja. Likienda vizuri wanalisifu, likisuasua wanalilaani. Nawe ulilifanya siku tuliyomzika mkeo. Ulisimama kando ya kaburi ukaniambia, "Kaka, ningeiacha ile kabureta ya zamani, Monika angewahi hospitali." Kisha ukaondoka. Nasikia uko mahali fulani kwenye reli ya Kigoma. Anwani sina, ndiyo maana nimemwomba mhariri aichapishe barua hii.

Unakumbuka ulivyoifunga kabureta mpya? Mimba ya Monika ilikuwa imekua, nawe ulitaka kigari chetu kuukuu cha mizigo kipande bila kusita ule mwinuko wa mawe tunaouvuka kutoka Kwihara kwenda mjini. Alikuletea uji chini ya gari, akacheka: "Petro, miguu yako naijua, uso nimeshausahau." Ukamjibu humohumo chini, "Uso utauona Tabora, umeketi mbele kama mke wa bwana shauri." Namsikia bado akicheka.

Siku tuliyompeleka kujifungua, gari liliguna mwinukoni, likatambaa. Ukalilinganisha na siku ya soko kabla yake, kabureta ya zamani ikiwa bado mahali pake, abiria wamejaa, nalo likapanda mbio. Ulinganisho huo ndio uliokufukuza nyumbani. Lakini wewe ulikuwa mbele umeshika usukani. Mimi nilikuwa nyuma safari zote mbili. Siku ya soko abiria waliruka chini, wakasukuma kimya kimya wasije wakakuvunja moyo. Unawajua watu wetu, wajukuu wa wapagazi: kubebwa na kitu kinachohema wanaona aibu. Siku ya Monika, nyuma tulikuwa wawili, nami nimempakata kichwa. Nani angesukuma?

Sikutaka kukupa faraja tupu, kwa hiyo nimelipima. Nilipakia magunia ya mchanga, maana mchanga haushuki kusukuma. Mzigo uleule, mwinuko uleule, asubuhi, njia ikiwa kavu. Sikubadili kitu kingine chochote ila kabureta: ya zamani, kisha yako, kisha ya zamani tena, kisha yako. Saa aliishika Mzee Salum, mwenye duka pale Kanyenye. Yeye na kijana niliyempa usukani sikuwaambia ipi imefungwa, kwa sababu anayejua huona anachokitamani.

Majirani walikuja mbio, mikono tayari. Bibi mmoja akanigombeza, "Mwalimu, una roho gani? Gari linalia, wewe umesimama tu!"

"Mwache, bibi," Mzee Salum akasema. "Huyu hata ugali wake anaupimia saa."

Walicheka. Mimi sikuweza. Niliwasihi waliache lihangaike lenyewe.

Petro, kila mara kwa kabureta yako gari lilifika juu mapema zaidi. Kidogo tu, lakini kila mara. Hukulidhoofisha gari. Ile ya zamani ingetuchelewesha zaidi. Kama kulikuwa na njia nyingine ya kumponya, sijui. Magunia ya mchanga hayawezi kuniambia hilo, nami sitakudanganya. Najua tu kwamba ulichokifanya kwa ajili yake ulikifanya sawasawa, na kwamba unajiadhibu kwa jambo ambalo halikutokea.

Nilipomaliza kupima nilikaa nyuma ya gari, pale pale nilipokuwa nimempakata, nikalia mpaka Mzee Salum akanishika mkono kunishusha. Nilidhani jibu likipatikana uchungu utapungua. Haukupungua. Ila sasa najua si lazima niwapoteze nyote wawili.

Binti aliyekuachia ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Paji la uso ni lako, kicheko ni cha mama yake. Amebatizwa, lakini jina la nyumbani hatujampa, kwa kuwa kwetu hilo hutolewa na baba. Mama yetu humwita "wewe" tu, halafu hutazama mlangoni.

Ukiisoma barua hii, usingoje mpaka moyo utulie. Nenda stesheni leo, upande treni ya Tabora.

Kaka yako