Mwanangu Anataka Nifike Kule Mimi na Baba Yake Tulikoshindwa Kufika

Mshauri mpendwa, pole na kazi. Naomba unisaidie kabla sijamjibu mwanangu, maana ananipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimeanza kupanga nguo, na mimi kila jioni namwambia naangaliaangalia, na uongo huo umeanza kunichosha.

Mimi ni mjane, fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi rangi, na kanisani aliimba besi, mtu mrefu mpole ambaye akicheka humsikii sauti, unaona mabega tu yanatikisika. Zamani, mwanetu huyu wa pekee akiwa bado shule ya msingi, tulimwacha kwa dada yangu tukaenda kuhiji ng'ambo pamoja na kundi la kanisa letu, kwenye kanisa la kale lililojengwa juu ya mlima, ambako watu wa kila rangi huenda kusali. Safari ile tuliingoja miaka. Nilikuwa nimejishonea gauni jeupe la kuvaa siku ya kupanda mlima, vifungo nimevifunika kwa kitambaa kilekile, na mume wangu alikuwa akinitania kwamba malaika watataka kujua fundi wangu ni nani.

Gauni lenyewe halikufika. Ndege ilichelewa, tukahamishiwa nyingine, tukashuka sisi, mabegi yetu yakaendelea na safari zake. Nililia palepale uwanjani, mbele ya ule mkanda wa mizigo unaozunguka mtupu, na mume wangu akasema tu, "Mungu anakujua hata ukiwa na nguo za njiani."

Kesho yake tukapakiwa kwenye mabasi mawili kuelekea mlimani. Katikati ya njia yakasimama kwenye stendi ya mji mmoja mdogo ili watu wanyooshe miguu, mume wangu akaenda msalani, nami nikamfuata kwa kuwa hapakuwa na kibao hata kimoja ambacho tungeweza kukisoma, na tuliporudi mabasi hayapo. Wa basi la kwanza walidhani tuko la pili, wa la pili wakadhani tuko la kwanza. Simu za mkononi hatukuwa nazo wakati ule. Mvua ilikuwa inanyesha, na mimi nikamwambia mume wangu, "Mungu ametuacha."

Akakaa kwenye benchi, akanivuta nikae naye. "Kwani Mungu alipanda lile basi, akatuacha na sisi?" akasema. "Tusali, mke wangu." Tukasali macho wazi, ili basi likirudi tulione.

Halikurudi. Mbele huko udongo wa mlimani uliporomoka ukaziba barabara, wenzetu wakiwa wameshapita. Mtu wa dirisha la tiketi alitueleza kwa mikono, kiganja kimoja mlima, kingine udongo unashuka, na uso wake ulikuwa na huruma kuliko maneno ambayo tusingeyaelewa.

Ndipo akapita mama mmoja anasukuma mkokoteni wa magunia ya shuka chafu alizotoka kuzichukua kwenye nyumba za wageni za pale stendi. Akaniona nalia. Akasimama, akaweka kiganja shavuni kama mtu aliyelala, akatunyooshea kidole, kisha akaonyesha barabara. Mume wangu hakuuliza, alishika mkokoteni akaanza kusukuma. Jina lake hatukuweza kulitamka vizuri, tukamwita Mama Dobi, naye akaitika.

Alikuwa na nyumba ya kufulia, mbele sinki na kamba, nyuma chumba cha kupigia pasi, na juu kijichumba ambacho alitupa sisi. Mshauri, sijui nikueleze vipi siku zile. Kila asubuhi mume wangu alikwenda stendi kuuliza, akirudi ananiambia, "Mlima bado umekaa barabarani," halafu anavua koti tunaanza kazi. Kazi hakutupa mtu. Mume wangu aliona dari ya chumba cha pasi inabanduka kwa mvuke, akamwonyesha Mama Dobi, akaletewa kopo la rangi iliyobaki na brashi iliyokakamaa, akailoweka mpaka ikalainika, akapanda juu ya meza. Mimi nilikuta rundo la shuka zilizochakaa katikati, nikazikata kwa urefu, nikageuza kingo zikawa katikati, nikaunga, na Mama Dobi alipoziona alinishika mashavu kama mtoto.

Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kufanya kazi chumba kimoja. Yeye alitoka alfajiri na ngazi yake, akirudi ananukia tapentaini na usingizi, na mimi niko na cherehani, tunaongea ya ada na ya bomba linalovuja. Pale, yeye juu ya meza na mimi chini na shuka, tuliongea. Aliniambia habari za baba yake ambazo sikuwahi kuzisikia. Siku moja akaanza kuimba besi ya wimbo wa kanisani, taratibu, anapaka, na Mama Dobi aliyekuwa anapiga pasi akaingia na sauti ya juu kwa lugha yake, kumbe wimbo ni uleule, nami nikajikuta naimba ya kati, na mvuke umejaa chumba kizima. Kama kuna mahali nimewahi kumsikia Mungu yuko karibu, ni pale.

Baadaye stendi wakapata ujumbe kwamba kundi limeshuka kwa upande mwingine wa mlima na litatungoja uwanja wa ndege. Tukarudi nyumbani bila kuuona mlima.

Wenzetu walirudi na mafuta ya baraka na picha na ushuhuda. Sisi tukapewa jina, Mahujaji wa Stendi. Mume wangu aliitika kwa mabega yake yale, na watu walipomwonea huruma aliwaambia, "Tungefika ningeona kanisa. Hatukufika, nikamwona mke wangu." Walidhani anatania.

Sasa amefariki, ni mwaka juzi. Mwanangu ni mfamasia, ana kazi nzuri, na amenikatia tiketi ya kwenda kule kule mlimani. Amepanga kila kitu, mtu wa kunipokea, gari langu peke yangu, hata kiti cha magurudumu uwanjani ingawa natembea vizuri tu. Alikuja na karatasi zake akazitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Mama, safari hii utafika. Hakuna kitakachoharibika. Baba alishindwa, wewe utafika kwa niaba yake."

Nikamwambia baba yako hakushindwa.

Akasema, "Mama, mlilala kwa dobi."

Nilikwenda kuchemsha chai, na tangu siku ile nina uchungu moyoni. Mchungaji anasema ni neema, nisimkatalie Mungu. Lakini mimi moyo wangu hauendi mlimani, unakwenda kwenye ule mji mdogo ambao wengine wanaukumbuka kama mkosi. Naogopa kwamba nikifika juu kwa gari zuri, safari yangu na mume wangu itakuwa imegeuka rasmi kuwa ile iliyoharibika. Na nikikueleza yote, naogopa pia mambo yakienda mrama huko nikiwa peke yangu, nani ataniambia Mungu hakupanda lile basi? Je, ni dhambi kupenda tulipokwama kuliko tulipokuwa tunakwenda? Nimkatalie mwanangu, au niende nikiwa na moyo huu?

Mama wa Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mama, barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikamtazama mwenzangu niliye naye ofisini, na karibu nimwombe tuimbe. Pole kwa mume. Ulipewa mtu.

Nianze na hilo la dhambi, maana ni jepesi. Uliondoka nyumbani kumtafuta Mungu, ukampata kabla ya kituo ulichokuwa umepanga. Hiyo si dhambi. Wangapi walipanda mlima ule wakashuka na mafuta tu? Uchungu ulio nao hautokani na Mungu, mama. Unatokana na meza ile ya vitambaa, na hapo ndipo nitakapokugombeza kidogo.

Mwanao amesema, "Mlilala kwa dobi," nawe ukaenda kuchemsha chai. Sasa nikuulize, umewahi kumsimulia? Simulizi uliyoniandikia mimi nisiyekujua, yenye dari na shuka na sauti tatu kwenye mvuke, yeye ameisikia? Sidhani. Yeye amesikia kilichosemwa nje ya kanisa. Wewe na baba yake mliporudi mlikuwa na siri tamu ya watu wazima wawili, mkachekea jina la Mahujaji wa Stendi kwa sababu mlijua kilicho ndani yake. Mtoto hakujua. Yeye alikuwa shule ya msingi, na unadhani wenzake walimwitaje? Alichobeba miaka yote ni aibu ya wazazi waliopotezwa na basi. Amekua, amesoma, amepata kazi, na jambo analotaka kuwafanyia ni kulifuta jina lile. Ametumia maneno mabaya, na hilo utamwambia. Lakini zile karatasi alizozitandaza mezani ni mapenzi, usizisome kama tusi.

La pili ni zito zaidi, na nitalisema kama mwanao ambaye si mwanao. Unasema unaogopa mambo yakiharibika nani atakwambia Mungu yupo. Mama, umeandika mwenyewe kwamba ulimsikia Mungu karibu. Wewe, kwa masikio yako, na sindano mkononi. Hukuambiwa na mume. Yeye alikufungulia mlango siku ile kwenye benchi, lakini uliingia kwa miguu yako. Umekuwa mjane wa mume, usijifanye mjane wa Mungu.

Kwa hiyo sikiliza. Jioni ya leo akipiga simu, usimwambie naangaliaangalia. Mwambie aje. Akija, mpe stuli akae karibu na cherehani, umsimulie kila kitu, na usiruke pale ulipolia wala pale baba yake alipoonekana mjinga anasukuma mkokoteni wa mtu asiyemjua. Mweleze alichokuwa akimaanisha baba yake aliposema hakuona kanisa, akamwona mkewe. Mtoto ana haki ya kujua kwamba wazazi wake walipendana. Na mwambie waziwazi kwamba haipendezi kusema baba yake alishindwa. Aseme lingine.

Halafu kubali safari, kwa masharti mawili. Kwanza, aende nawe, likizo aombe, dawa zitauzwa na wengine. Pili, njia ipite kwenye ule mji mdogo, na gari lisimame. Mlima upande. Usiukwepe kwa kisingizio cha mapenzi, maana hata mume wako alitaka kuuona, na kanisa lile halijakukosea kitu. Kufika kwako hakutaondoa thamani ya kukwama kwenu.

Ukifika pale kwa Mama Dobi, nenda ukijua kwamba miaka imepita. Huenda amefariki, huenda pamekuwa duka la viatu. Usihesabu kuwa ni mkosi mwingine. Simama barabarani, mwonyeshe mwanao dirisha la kile kijichumba cha juu, mshukuru Mungu, mwendelee na safari. Akiwa hai, ingia, utajua la kufanya.

Na jambo la mwisho. Mwanao anasema hakuna kitakachoharibika. Ni kijana, msamehe. Kitu kitaharibika, gari au hali ya hewa au tumbo lake mwenyewe, na utamwona mfamasia wetu ameduwaa na simu isiyoshika mtandao, akikuomba radhi kama mtoto aliyevunja sahani. Hapo usigeuke kutafuta sauti ya marehemu. Mshike mkono, mkalishe chini, umwambie kwa sauti yako mwenyewe, "Tusali, mwanangu."